Mafunzo ya Kuzuia Unyanyasaji na Utengaji kwa Mabaraza ya Wanafunzi: Tathmini ya Mlezi

Huduma ninayoitathmini hapa ni kifurushi cha mafunzo kinachouzwa kwa vyuo vikuu ili viongozi wa wanafunzi watambue unyanyasaji na utengaji unaotokea ndani ya mabaraza yao wenyewe, na wajue la kufanya wanapouona. Kina sehemu tatu: masomo ya mtandaoni ambayo kila mjumbe huyapitia kwa wakati wake, warsha ya ana kwa ana inayoongozwa na wawezeshaji wawili, na rasimu ya sera ambayo baraza huachiwa iijadili, iirekebishe na kuipitisha. Nimekifuatilia kuanzia mwanzo hadi mwisho nikiwa mlezi wa baraza, yaani mtu anayeketi kikaoni bila kura, na ambaye malalamiko humfikia yakiwa yamekwisha kuchacha. Mtoa huduma simtaji kwa jina, kwa sababu vifurushi vya aina hii vinafanana mno, na mengi ninayoyasema yatamfaa yeyote anayefikiria kununua kimojawapo, hata kama si hiki.

Hukumu yangu naitanguliza ili msomaji mwenye haraka asipotezewe muda. Warsha ni nzuri na inastahili kulipiwa. Masomo ya mtandaoni ni ya kawaida, na mahali pengine yanaweza hata kudhuru. Rasimu ya sera ina vifungu vilivyoandikwa kwa busara, lakini ina tundu moja kubwa ambalo lisipozibwa kabla ya kupitishwa litaifanya kazi yote iliyotangulia kuwa bure. Kasoro inayopita katika sehemu zote tatu ni kwamba kifurushi kinaujua vizuri unyanyasaji wa mkono na wa ulimi, ilhali utengaji unaofanywa kwa ajenda, kwa ratiba na kwa kanuni za kikao kinaugusa juujuu tu. Kwa ninavyoyajua mabaraza, huo wa pili ndio unaowaondoa watu wengi zaidi bila mtu yeyote kuulizwa swali.

Ni lazima kukumbuka baraza la wanafunzi ni chombo cha namna gani. Wajumbe wake wanasoma pamoja, wanalala katika mabweni yaleyale, walishindana katika uchaguzi mmoja na huenda watashindana tena katika ujao. Aliyetukanwa kikaoni jioni hukutana na aliyemtukana kesho yake asubuhi kwenye mlango wa maktaba. Muda wa uongozi kwa kawaida ni mwaka mmoja, kwa hiyo shauri linaloendeshwa polepole hujifia lenyewe kwa sababu wahusika wamemaliza muda wao au wamehitimu, na wapo wanaolijua hilo na kulitegemea. Zaidi ya hayo, nafasi yenyewe ni ya kujitolea. Anayenyanyaswa, mambo yakimzidi, hujiuzulu. Barua yake husomwa ikitaja "sababu za kimasomo", mwenyekiti humshukuru kwa utumishi wake, na kikao huingia kwenye ajenda inayofuata. Mafunzo yaliyotungwa kwa ajili ya maofisi, kisha yakabadilishwa majina ya wahusika, hayawezi kuyafikia mambo haya. Kifurushi hiki kimejitahidi kutoka huko, lakini kimefika nusu ya njia.

Masomo ya mtandaoni yanaanza na fasili, na hapo yanaanza vyema. Yameegemea Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Juni 2019 na kuanza kutumika tarehe 25 Juni 2021, ambao unaueleza ukatili na unyanyasaji kuwa ni mienendo, vitendo na vitisho visivyokubalika, viwe vimetokea mara moja au vimerudiwa, vinavyolenga, vinavyosababisha au vinavyoelekea kusababisha madhara ya kimwili, kisaikolojia, kingono au kiuchumi. Mkataba huo ulitungwa kwa ajili ya ulimwengu wa kazi, si kwa vikao vya wanafunzi. Hata hivyo unawataja wanaojitolea na walio mafunzoni, na unahesabu pia safari, hafla na mawasiliano ya kielektroniki yanayohusiana na kazi. Waandishi wa masomo wameona kwa usahihi kwamba sehemu kubwa ya maisha ya baraza hupita mahali kama hapo: ndani ya basi la kwenda kongamano, kwenye hafla ya kuapishwa, katika makundi ya simu. Maneno "mara moja" ndiyo yaliyozua mjadala mkali kuliko yote, kwa kuwa wajumbe wengi walikuwa wakiamini kwamba jambo lisiporudiwa ni utani uliopitiliza tu. Kama masomo yangeishia hapo, ningeyasifu.

Baada ya fasili yanateremka. Maswali ya kujipima yameandikwa kwa namna ambayo hata asiyesoma chochote angeyapata yote, maana jibu moja huwa refu na la kiungwana, na yale mengine ni ya kihuni waziwazi. Mnyanyasaji katika kila kisa ni mtu mwenye sura ya ukatili na kauli ya ufidhuli, ambaye hakuna mpiga kura angemchagua. Katika mabaraza, anayelalamikiwa mara nyingi ndiye mzungumzaji hodari, mchapakazi, aliyekesha kuwatetea wenzake matokeo yao ya mitihani yalipozuiliwa, na hiyo ndiyo sababu watu husita kumsema. Kisa kimoja cha mtu wa aina hiyo kingefundisha kuliko visa vyote vilivyomo. Kuna pia jambo la aibu ambalo siwezi kulinyamazia: video hazikuwa na maandishi ya chini wala mkalimani wa lugha ya alama, na vitufe vya kuendelea mbele havikusomeka kwa programu za kusoma skrini, hivyo mjumbe wetu asiyeona alilazimika kusomewa na mwenzake somo linalohusu ushirikishwaji. Tulipolalamika tuliletewa faili la maandishi, kwa adabu na kwa kuchelewa.

Niliposema kwamba masomo haya mahali pengine yanaweza kudhuru sikutia chumvi. Mwaka 2016 kikosi kazi cha tume ya serikali ya Marekani inayosimamia usawa wa fursa za ajira kilitoa ripoti, chini ya wenyeviti wenza Chai Feldblum na Victoria Lipnic, iliyosema wazi kwamba sehemu kubwa ya mafunzo yaliyotolewa kwa miaka 30 iliyotangulia haikufaa kitu kama kinga, kwa kuwa yalishughulika mno na kukwepa kushtakiwa. Mwaka 2019 wanasosholojia Frank Dobbin na Alexandra Kalev walichapisha utafiti kuhusu kampuni 805 za Marekani, wakaonyesha kwamba mafunzo yaliyolenga mameneja yalifuatiwa na ongezeko la wanawake katika nafasi za umeneja, ilhali yale yaliyolenga wafanyakazi wote kwa jumla yalifuatiwa na upungufu. Maelezo yao ni kwamba meneja hufundishwa kama mtu atakayewasaidia wengine, naye huvaa wajibu huo. Mfanyakazi wa kawaida hufundishwa kama mshukiwa, naye hujikunja na kujihami. Kampuni si baraza, lakini somo lake linaonekana hapa bila kutafutwa. Masomo haya ya mtandaoni yanamsemesha mjumbe kama mtu anayekaribia kufanya kosa. Wavulana kadhaa waliyapitia wakiwa wamenuna, wakapata vyeti vyao, na kwa muda fulani neno "cheti" likawa kejeli ya kumtupia msichana yeyote aliyepinga hoja kikaoni. Mtoa huduma anayo pia nakala iliyoandikwa kwa ajili ya wenye nyadhifa, yaani mwenyekiti, katibu, mweka hazina na wakuu wa kamati, lakini haitangazi. Mnunuzi inambidi aiulizie. Aiulizie.

Warsha ni jambo lingine kabisa. Wawezeshaji walikuja wakiwa wamesoma katiba ya baraza letu na kumbukumbu za vikao vya karibuni, na hilo lilionekana tangu saa ya kwanza, kwa sababu waliuliza maswali ambayo mgeni hawezi kuyauliza: kwa nini kamati ya fedha haijawahi kuwa na mwakilishi wa mwaka wa kwanza, na kwa nini hoja fulani ilionekana imepitishwa katika kikao ambacho kumbukumbu hazionyeshi kama ilijadiliwa. Hawakutoa hotuba ndefu. Walianza na jaribio mashuhuri la John Darley na Bibb Latané la mwaka 1968, ambamo wanafunzi wa chuo kikuu kimoja cha New York walimsikia mwenzao, kupitia kipaza sauti, akipatwa na kifafa. Miongoni mwa walioamini kwamba wao peke yao ndio wanaosikia, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla sauti haijakatika. Miongoni mwa walioamini kwamba kuna wengine wanne wanaosikia, waliotoka walikuwa asilimia 31. Mwezeshaji aliuliza swali moja tu baada ya hapo: kikao chenu kina watu wangapi? Ukimya uliofuata ulikuwa wa kufikiri.

Kutoka hapo walifundisha njia tano za shuhuda kuingilia kati, ambazo leo zinajulikana katika mafunzo mengi ya aina hii: kuvuruga tukio kwa kugeuza mazungumzo, kumwita mwingine mwenye uwezo zaidi, kuweka kumbukumbu ya kilichotokea, kumfuata aliyetendewa baadaye na kumuuliza anahitaji nini, na kumkabili mtendaji uso kwa uso. Faida ya njia hizi kwa baraza ni kwamba zinamwondolea mjumbe mchanga dhana kwamba hana la kufanya isipokuwa kusimama na kugombana na mwenyekiti. Kikao kina silaha zake halali. Mjumbe anaweza kuomba hoja ya utaratibu, kupendekeza mapumziko mafupi, kumtaka katibu aandike maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, au kurejesha hoja kwa mwenyewe kwa kusema kwamba hili lilitolewa na mweka hazina dakika chache zilizopita na angependa kumsikia akilifafanua. Wawezeshaji walifanyisha mazoezi ya sentensi hizo kwa sauti, mara kwa mara, mpaka zikaacha kuonekana za ajabu mdomoni. Nimezisikia zikitumika tangu wakati huo.

Zoezi lililozidi yote ni igizo la kikao. Kila mshiriki hupewa kadi ya siri inayomwambia la kufanya, na kikao huendeshwa kwa ajenda ya kawaida. Kadi moja humwagiza mtu atazame simu kila mwakilishi wa mwaka wa kwanza anapozungumza. Nyingine humwagiza arudie hoja ya mwenzake kana kwamba ni yake. Nyingine humwagiza mwenyekiti awaite wanaume kwa vyeo vyao na wanawake kwa majina yao ya kwanza. Hakuna kadi inayosema tukana wala gusa. Baada ya muda mfupi mtu aliyelengwa hunyamaza kabisa, na akiulizwa husema alihisi hoja zake zilikuwa dhaifu. Hapo wawezeshaji walieleza kazi ya mwanasaikolojia Kipling Williams, aliyetumia mchezo wa kompyuta wa kurushiana mpira kuonyesha kwamba mtu akiachwa bila kurushiwa mpira huumia hata pale anapoambiwa kwamba wachezaji wenzake ni kompyuta tu. Wajumbe waliokuwa na kadi za kupuuza walikiri jambo lililonigusa zaidi: kwamba hawakuhitaji kuigiza kwa bidii.

Sehemu ya kampeni nayo imetengenezwa na watu wanaoujua uchaguzi wa wanafunzi. Wengi hudhani unyanyasaji katika baraza huanza baada ya kuapishwa, kumbe kwa mgombea mwanamke huanza siku anapochukua fomu. Mabango yake huchorwa mambo ya aibu, picha zake hubadilishwa kwa programu na kusambazwa usiku wa kuamkia siku ya kura, na kila anayemuunga mkono huulizwa amelipwa nini au amepewa nini. Wapo wanaoombwa ngono na watu wenye ushawishi wa kura za bweni au kitivo fulani, nayo ni rushwa ya ngono hata kama mwombaji ni mwanafunzi mwenzake asiye na cheo cha maandishi. Mgombea anayetoka katika kundi dogo la lugha au dini, au katika nchi nyingine, huambiwa kwamba asubiri zamu yake, bila kuonyeshwa zamu hiyo imeandikwa wapi. Warsha iliyashughulikia haya kwa ukweli, na rasimu ya sera ikaongezea kifungu ninachokiona bora kuliko vyote: mgombea atawajibika kwa vitendo vya mawakala wake alivyovijua na hakuvikemea, na tume ya uchaguzi ya wanafunzi itakuwa na mamlaka ya kusimamisha kampeni yake. Kabla ya hapo kila mgombea alikuwa akisema kwamba aliyesambaza picha ni shabiki tu, na shabiki hana adhabu.

Ilipofika zamu ya utengaji unaofanywa kwa utaratibu, warsha iliishiwa muda, na sidhani ilikuwa bahati mbaya, kwa kuwa ratiba yenyewe iliutengea sehemu ndogo ya mwisho, watu wakiwa wamechoka. Hapa ndipo ninapowadai zaidi. Baraza linaweza kuwa na lugha safi kabisa kikaoni, na bado uamuzi wote ukafanyika katika kundi sogozi la pembeni ambalo wajumbe fulani hawajaunganishwa, halafu kikao kikaitishwa kuubariki. Kikao kinaweza kupangwa saa ya usiku ambapo mwanafunzi anayekaa mbali, au mwenye mtoto, au msichana asiyeweza kurudi peke yake gizani, hawezi kuhudhuria. Mara tatu akikosa, katiba inasema amejiondoa. Nyaraka za bajeti zinaweza kugawiwa mlangoni ili asome yule tu aliyekwisha kuzisoma. Mwanamke anaweza kuchaguliwa mwaka hadi mwaka kuwa makamu au katibu, akaandika kumbukumbu za kila mtu, na kwa kuandika akakosa nafasi ya kusema. Hakuna hata kimoja kati ya vitendo hivi ambacho kingeonekana katika masomo ya mtandaoni, na vyote vina kifungu cha katiba cha kujifichia.

Wala haifai kusema kwamba mambo haya hayafundishiki. Christopher Karpowitz, Tali Mendelberg na Lee Shaker walichapisha mwaka 2012 utafiti uliotumia vikundi 94 vya majadiliano vya watu watano watano, wakakuta kwamba wanawake walio wachache katika kundi huzungumza kwa muda mdogo kuliko sehemu yao inavyostahili pale uamuzi unapofanywa kwa wingi wa kura, na kwamba pengo hilo lilitoweka pale kundi kama hilo lilipotakiwa kuafikiana kwa kauli moja. Kanuni ya kupiga kura, ambayo sote huichukulia kama jambo kavu la wanasheria, ndiyo iliyoamua nani asikike. Warsha ingeweza kulichukua hilo na kuliambia baraza lichague mambo machache, tuseme ratiba ya vikao na mgawanyo wa kamati, ambayo yataamuliwa kwa maafikiano badala ya kura. Ingeweza pia kufundisha katibu kupima muda wa kila msemaji kwa vikao kadhaa na kuuweka mezani. Ni mazoezi yasiyohitaji vifaa wala mwezeshaji wa kulipwa, na pengine ndiyo maana hayamo.

Kuhusu wenye ulemavu, kifurushi kinasema maneno mazuri na kuishia hapo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unahesabu katika ibara yake ya 2 kwamba kumnyima mtu marekebisho yanayostahili ni ubaguzi wenyewe. Kwa maneno mengine, baraza linalofanya vikao ghorofani mahali pasipo na lifti, huku likiwa na mjumbe anayetumia kiti cha magurudumu, linambagua, hata kama kila mjumbe anampenda na yuko tayari kumbeba. Wajumbe wetu walijivunia kumbeba mwenzao. Mwezeshaji mmoja aliwauliza kama waliwahi kumuuliza yeye, na swali hilo moja lilikuwa na uzito kuliko ukurasa mzima wa mwongozo.

Sasa nirudi kwenye tundu la rasimu ya sera. Kifungu cha malalamiko kinasema kwamba mlalamikaji atawasilisha lalamiko kwa mwenyekiti wa baraza au mwakilishi atakayeteuliwa na mwenyekiti. Sijui mwandishi alifikiria nini. Katika chombo ambacho mwenyekiti hugawa kamati, huidhinisha safari na mara nyingi huwa rafiki wa kila mtu mwenye nguvu, kifungu hicho kinamtaka aliyeumizwa apite mlango uleule alimoumizwa. Ripoti ile ya Marekani ya mwaka 2016 iligundua kwamba takribani watu watatu kati ya wanne walionyanyaswa kazini hawakuwahi kuzungumza na msimamizi, meneja wala mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Sera yoyote ambayo haianzi na ukweli huo imeandikwa kwa ajili ya kabati. Tulikibadilisha kifungu ili lalamiko liweze kupokelewa nje ya baraza, katika ofisi ya ushauri wa wanafunzi, na ili mlalamikaji achague mmoja kati ya wapokeaji zaidi ya mmoja, wa jinsia tofauti. Tuliongeza pia kwamba mjumbe mwenye urafiki wa karibu, undugu au ushirika wa kisiasa na upande wowote atajiondoa katika kusikiliza shauri, na kwamba shauri halitafungwa kwa sababu tu muda wa uongozi wa mtu umekwisha. Mtoa huduma alipokea mabadiliko hayo vizuri, akasema atayaingiza katika toleo lijalo.

Vifungu vingine vya rasimu ni vya haki. Mtuhumiwa ana nafasi ya kujua anatuhumiwa nini na kujibu kabla ya uamuzi. Hatua za muda, kama vile kuwatenganisha katika kamati, zimeelezwa kwamba si adhabu, na zisimwangukie mlalamikaji kwa kumhamisha yeye. Usiri umewekewa mipaka: unalinda majina na maelezo ya wahusika, wala haulipi baraza ruhusa ya kuficha kwamba malalamiko yapo. Kulipiza kisasi kumehesabiwa kuwa kosa linalojitegemea hata pale lalamiko la awali lisipothibitika, na mifano iliyotolewa ni ya kibaraza kweli, ukiwemo ule wa kumletea mlalamikaji kura ya kutokuwa na imani. Kuna pia ukurasa unaoeleza mwenendo ambao mwanasaikolojia Jennifer Freyd aliuainisha mwaka 1997, wa mtuhumiwa kukana, kumshambulia anayemtuhumu, kisha kujigeuza yeye kuwa ndiye aliyeonewa. Onyo langu ni dogo: mtu aliyetuhumiwa kwa uongo naye atakana, kwa hiyo ukurasa huo usitumike kama kipimo cha hatia. Mwongozo unalisema hilo kwa sentensi moja, ingestahili aya.

Nataja pia uzuri wa kuwa na wawezeshaji wawili, kwa sababu wapo watoa huduma wanaopunguza gharama kwa kuleta mmoja. Katikati ya warsha mjumbe mmoja alianza kusimulia jambo lililompata yeye mwenyewe, na ilikuwa dhahiri kwamba wengine chumbani waliwajua wahusika. Mwezeshaji wa kwanza alimshukuru na kumkatiza kwa upole kabla hajataja jina, wa pili akatoka naye nje, na mazungumzo yakaendelea bila udaku. Mwezeshaji aliye peke yake angelazimika kuchagua kati ya kumwacha aendelee mbele ya watu na kuliacha kundi zima.

Ufuatiliaji ndio sehemu dhaifu ya mwisho. Miezi michache baadaye hutumwa dodoso linalouliza kama washiriki waliridhika, kama wawezeshaji walikuwa na weledi, na kama wangependekeza mafunzo kwa wengine. Hakuna swali hata moja kuhusu baraza. Ningetaka waulize ni wajumbe wangapi wamejiuzulu kabla ya muda wao na ni akina nani, nani aligombea tena na nani hakutaka, kamati zenye fedha zinaongozwa na nani, na kama wajumbe wanamjua mpokeaji wa malalamiko kwa jina. Ningetaka pia waseme mapema kwa uongozi wa chuo kwamba idadi ya malalamiko huenda ikapanda baada ya mafunzo, kwa kuwa wapo wakuu wanaoona ongezeko hilo na kukata tamaa na mradi mzima, wakati linaweza kuwa ni watu walioanza kuamini kwamba watasikilizwa.

Kwa chuo kinachofikiria kununua, ushauri wangu ni kuichukua warsha peke yake, na kuichukua kabla ya kampeni, wagombea wote wakiwemo, badala ya kusubiri washindi waapishwe. Masomo ya mtandaoni yaachwe, isipokuwa ile nakala ya wenye nyadhifa, nayo ijaribiwe kwanza na mtu anayetumia programu ya kusoma skrini. Rasimu ya sera ipokewe kama rasimu kweli, na kifungu cha mpokeaji wa malalamiko kiandikwe upya kabla mwezeshaji hajaingia ukumbini, ili atakayeguswa na warsha jioni hiyo awe na mahali pa kwenda kesho yake. Mkataba na mtoa huduma utaje muda maalumu wa kushughulikia kanuni za vikao, asubuhi, watu wakiwa na nguvu. Sisi tumeliomba hilo kwa awamu ijayo, nao wamelikubali kwa maandishi. Likitekelezwa nitaiongezea huduma hii daraja.